Mfadhili Hakutaka Kicheko

Erica alirudi nyumbani na beji shingoni, na mama yake alipoiona tu akajua kuna jambo. Mtu mwenye akili zake akishuka kwenye basi Tunduma huvua beji. Ukiivaa pale stendi, wabadilisha fedha wanakufuata kama nzi wanaofuata ndizi mbivu, wakidhani umetoka Lusaka na posho mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umetoka? Si ulisema siku kumi hamruhusiwi kutoka?"

"Wameniruhusu. Nimekuja kikazi."

Teresia alikuwa dukani kwake mtaa wa Sogea, akimpimia mteja dawa ya viwavi. Duka lilikuwa la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za mifugo. Ukutani, juu ya mzani, alikuwa ametundika diploma yake ya kilimo. Hakuitundika kwa majivuno. Wateja wa Tunduma, Watanzania kwa Wazambia, hubisha kila kitu, na yeye akichoka kubishana huwaonyesha ukuta kwa kidole.

"Bamayo, mama yangu, weka basi na nyongeza," alisema mteja, mwanamke wa Nakonde, ng'ambo ya pili ya mpaka.

"Dawa haina nyongeza. Ukizidisha utaunguza mahindi, kisha urudi kunitukana. Nenda salama." Akafuta mikono kwenye kanga, akamgeukia binti yake. "Haya. Kazi gani hiyo?"

Erica alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwa miaka sita alikuwa amepiga video za harusi, za kuwaaga mabibi harusi, za kipaimara na za misiba, kuanzia mpakani mpaka Mlowo. Aliijua kila keki ya wilaya mbili. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2013 aliona tangazo mtandaoni: shirika liitwalo Mfuko wa Sauti Huru lilikuwa linatafuta vijana sita wanaotengeneza filamu zao wenyewe, bila kampuni. Wangekaa siku kumi katika nyumba ya shamba la zamani la kahawa kule Ihanda, wapewe chakula, kitanda, na mshauri wa kuwaonyesha njia. Mwishoni, wawili kati yao wangepata shilingi milioni ishirini kila mmoja za kumalizia filamu, na miezi mitatu ya kusoma Ulaya.

Fomu zake ziliwachosha wote wawili, mama na binti. Andiko la kurasa kumi na mbili. Wasifu. Barua za watu wawili wanaomjua, wasiwe ndugu. Kisha kitu kiitwacho tamko la msanii, ambamo Erica aliulizwa kwa nini hadithi hii, kwa nini sasa, na kwa nini yeye.

"Andika," Teresia alimwambia wakati ule. "Kwa sababu baba alikufa. Kwa sababu nilikuwa na kamera. Kwa sababu ni baba yangu. Mstari mmoja mmoja, yameisha."

Erica akaandika ukurasa mzima na nusu. Wakamchukua.

Sasa alitoa karatasi mbili kwenye mkoba, akaziweka juu ya meza ya duka kama mtu anayeweka kitu cha moto.

"Hii ni fomu ya ridhaa. Unasaini hapa chini. Na hii ndiyo utakayosema Jumamosi, wafadhili wakija."

Teresia alivaa miwani. Alisoma karatasi ya pili mara moja, akairudia. Ilikuwa imeandikwa: *Mimi ni mjane. Nilidhalilishwa mbele ya kaburi la mume wangu na mwanamume asiye wa ukoo, nikanyamaza kwa sababu mila zetu haziniruhusu kusema. Leo nimepata sauti.*

"Huyu mjane ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi nilinyamaza lini?"

Erica akatazama magunia ya mbolea. Hata magunia yalikuwa yanajua kwamba Teresia hajawahi kunyamaza.

"Na huyu mwanamume asiye wa ukoo?"

"Mzee Luhende," Erica alisema kwa sauti ndogo.

Hapo Teresia akavua miwani.

Luhende alikuwa Msukuma wa bondeni Momba, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya tisini. Nikodemo, mume wa Teresia, alikuwa Mnamwanga, mchuuzi wa ng'ombe. Walikutana mnadani, wakaanza kwa kutukanana juu ya bei ya fahali mwenye jicho moja, na kwa miaka kumi na minane hawakuacha. Wanamwanga na Wasukuma wa kule bondeni hawakurithi utani wowote kutoka kwa mababu. Hao wawili waliutengeneza wenyewe kwa midomo yao, ukashika, ukawa utani kamili wenye haki na wajibu wake. Luhende akija Tunduma alikuwa anaingia jikoni na kufunua sufuria bila kubisha hodi. Nikodemo akishuka bondeni alikuwa anachagua jogoo mnono kuliko wote na kuondoka naye kwapani, mchana kweupe, huku wake za Luhende wanamzomea.

Nikodemo alipofariki, Luhende alifika siku ya tatu, siku ya maziko. Alipitiliza chumbani, akavaa koti la marehemu, akatoka nje na kuketi kwenye kiti chake. Akaanza kuwagombeza waombolezaji kwa sauti ya Nikodemo, kwa kile kikohozi chake na ile tabia yake ya kusema "nimemaliza" kabla hajaanza. Watu wakaangua kilio na kicheko kwa pamoja. Walipofika makaburini, kabla jeneza halijashushwa, Luhende alirukia kaburini akajilaza chali na kofia usoni.

Kila mtu pale alijua kinachofuata. Mtani akilala kaburini, haondoki mpaka apewe chake. Katekista aliyekuwa ameshika maji ya baraka alificha uso kwenye kitabu, mabega yakimtikisika. Na Erica, mtoto wa marehemu, alikuwa amesimama juu ya rundo la udongo na kamera, kwa sababu aliogopa kwamba akiishusha ataanguka.

Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Nusu saa. Teresia alikuwa ameiona mara tatu, na mara zote alilala vizuri usiku wake.

"Nani amesema nilidhalilishwa?"

"Mshauri wetu, kaka Ezron. Mama, nisikilize. Kila mwaka Mfuko una mada yake, wanaiita dirisha, na la mwaka huu ni la mila kandamizi. Filamu isiyoingia dirishani haipati kitu. Wote wamebadilisha. Clever alikuja na filamu ya vijana wanaovusha sukari kwa baiskeli kwenye njia za panya, jinsi wanavyojidai na kupeana majina. Sasa imekuwa filamu ya ajira kwa watoto."

"Hao vijana wa baiskeli? Hao wenyewe wana watoto."

"Najua."

"Na wewe umekubali?"

Erica alivua beji, akaikunja kamba yake kidoleni. "Nimepiga keki miaka sita, mama. Sita. Kamera yangu ikiingia vumbi la stendi inakohoa kama baba. Nikipata hizi pesa nitanunua ya maana. Halafu nitatengeneza ninayotaka."

Teresia akavaa tena miwani. Hakuwa mtu wa kuidharau milioni ishirini. Aliisoma fomu ya ridhaa, na huko chini, mahali ambapo herufi huwa ndogo kama mayai ya inzi, akakuta kwamba picha zote za maziko, zilizotumika na zisizotumika, zitakuwa mali ya Mfuko, wazitumie watakavyo, popote, milele.

Alijua biashara hii. Kila msimu kuna watu wanaochukua mahindi ya chakula, wanayapaka rangi ya waridi, wanayafunga kwenye pakiti nzuri na kuyaita mbegu bora. Mkulima anapanda rangi. Hapa walitaka kuchukua maziko ya mume wake wayapake rangi, na saini ya kwenye pakiti iwe yake.

"Sijasema hapana," alisema mwishowe. "Jumamosi nitakuja, niione kwanza. Nitaleta na Luhende."

"Mama! Usimlete!"

"Si mmemshitaki? Mtu akishitakiwa anaitwa. Hata baraza la kata linamwita."

*

Jumamosi Teresia alishuka Ihanda saa tatu asubuhi, gauni lake la kanisani limepigwa pasi, fomu ikiwa ndani ya pochi bila saini. Nyumba ya shamba ilikuwa na veranda ndefu na maua yaliyotunzwa kuliko mikahawa yenyewe. Sebuleni kulikuwa na projekta, shuka jeupe ukutani, na bango kitita lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: MAUMIVU YAKO NI YAPI? Chini yake vijana sita walikuwa wameorodhesha. Mmoja aliyekosa cha kuandika alikuwa ameandika "bado natafuta".

Ezron alikuja kumpokea. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, na alikuwa amejifunga skafu shingoni katika jua la Oktoba, wakati hata mijusi ilikuwa imejificha.

"Shikamoo, mama. Karibu sana katika nafasi yetu salama."

"Marahaba. Salama na nini?"

Ezron akacheka kidogo. Teresia alimwangalia pua, akamwangalia masikio.

"Wewe si wa Mlowo?"

"Naishi Dar, mama."

"Sijakuuliza unaishi wapi."

"Asili yetu... ni huko huko, ndiyo."

"Mtoto wa Elizabeti, mwenye mashine ya kukoboa. Nilikuwa namuuzia mkanda wa mashine. Hajambo?"

"Hajambo," alisema Ezron, akageuza shingo haraka kuona kama mama mfadhili amesikia. Mama mfadhili, Mzungu wa makamo mwenye viatu vya kupandia mlima, alikuwa verandani anapiga picha ya mmea. Hakusikia.

Luhende alifika saa nne kwa lori la mpunga, mabuti miguuni, fimbo mkononi, na koti la Nikodemo mgongoni, lile lile, maana koti la marehemu huwa la mtani. Alisimama mlangoni akaipima sebule yote kwa macho kama mtu aliyeletewa ndama asiyemwamini.

"Shemeji, nimeambiwa mimi ni sinema."

"Umeambiwa kweli," Teresia alijibu. "Tena umekuwa jambazi."

"Aa! Na nimetoka bondeni bila kunyoa!"

Erica, aliyekuwa anafunga nyaya, akainamisha kichwa. Teresia hakujua kama alikuwa anacheka au anaona aibu.

Wakazima taa, wakavuta mapazia. Filamu ya Erica ikaonyeshwa kama ilivyorekebishwa na mshauri, dakika tano za kumtamanisha mfadhili.

Ilianza na filimbi. Nani alipiga filimbi kwenye maziko ya Nikodemo, Teresia hakumkumbuka. Sauti za watu zilikuwa zimeondolewa zote. Wanawake walifungua vinywa na ndani mwao ikatoka filimbi. Kisha akatokea Luhende, anatembea polepole mno kuelekea kaburini, na uso wake umefunikwa kwa ukungu wa vipande vipande, kama wanavyowaficha washitakiwa kwenye taarifa ya habari.

"Mbona uso wangu umeoza?" Luhende aliuliza gizani.

Mtu akamnyamazisha.

Luhende wa kwenye shuka alishuka kaburini. Filimbi ikazidi kulia. Maandishi yakatokea: *Mjane hana haki hata ya kumzika mumewe.* Halafu ukaja uso wa Teresia mwenyewe, mkubwa ukuta mzima, umepunguzwa mwendo, anafuta machozi na ncha ya kanga. Anafuta, anafuta, mdomo umekunjamana. Picha ikaganda hapo. Taa zikawashwa, na mama mfadhili alikuwa ameshika kifua.

Teresia aliutazama uso wake ulioganda ukutani. Aliyakumbuka vizuri machozi yale. Siku tatu alikuwa amekauka, hajala, hajalia, watu wakinong'ona kwamba atapasuka moyo. Ndipo yule mpuuzi akaingia kaburini. Machozi yale yalikuwa ya kicheko, ya kwanza, na ndiyo yaliyomfungulia mengine yote.

"Sasa tumkaribishe mama mwenyewe," Ezron alisema kwa sauti ya kanisani, "ambaye leo, kwa mara ya kwanza, amepata sauti."

Teresia alisimama. Akafika mbele, akafungua pochi, akatoa karatasi zake mbili, akazishika. Lakini kabla hajaanza, mama mfadhili aliinua mkono akauliza kwa Kiingereza: yule mwanamume kaburini alikuwa anasema maneno gani?

Swali zuri. Teresia alimheshimu kidogo kwa swali hilo. Siku nane mtu anaikata filamu, na huyu ndiye wa kwanza kuuliza inasema nini.

Ezron akajibu kwa Kiingereza laini kwamba mzee yule anadai mali ya marehemu na kumtisha mjane.

Kiingereza cha diploma ya kilimo si cha kuimbia, lakini kinatosha kumjua mtu anayekusema uongo ukiwa umesimama pembeni yake.

"Ezron," Teresia alisema. "Babu yako, baba yake Elizabeti, alipozikwa Mlowo, watani walibeba chungu cha ugali wakakitundika mtini mpaka wakapewa mbuzi. Mimi nilikuwepo. Mama yako alikasirika siku ile, unakumbuka kwa nini?"

Ezron akashika skafu yake.

"Unakumbuka au nikukumbushe?"

"Kwa sababu... watani walichelewa," alisema Ezron, akitazama sakafu.

"Walichelewa. Akasema baba yake anazikwa kama mbwa, hana hata mtu wa kumtania. Na ulikuwepo, ulikuwa na kaptula ya shule. Kwa hiyo hukukosea. Mtu anayekosea namsamehe."

"Mama, wafadhili hawaelewi mambo haya," Ezron alinong'ona.

"Hujawaeleza. Na kama mnataka mila kandamizi, zipo tele, sisemi hazipo. Jirani yangu mashemeji walimchukulia mpaka sufuria la uji, mumewe hajamaliza wiki. Nenda kampige picha yule, kama mashemeji watakuachia hiyo kamera. Lakini ya kwangu siyo, na sura yangu hamtaikodisha." Akamgeukia binti yake. "Erica. Weka ile yako."

Flashi yenye filamu nzima ilikuwa shingoni kwa Erica, imefungwa kwenye kamba moja na beji. Aliishika. Akamtazama Ezron, aliyekuwa anatikisa kichwa taratibu. Akaitazama ile picha ya mama yake iliyoganda, kisha mama yake mwenyewe chini yake, na bila shaka akaziona milioni ishirini zimekaa katikati. Teresia alitamani kusema neno, akajizuia. Alikuwa amesema yake yote, na filamu haikuwa yake.

Erica akachomeka flashi.

Sauti zikaingia chumbani kama watu waliofunguliwa mlango. Vilio, nyimbo, jogoo wa mtu, katekista anakohoa. Na Luhende, uso wake wote na meno yake yote, amelala kaburini anapiga kelele kwa Kinamwanga chake kibovu:

"Nikodemo alikuwa mfupi! Hili shimo refu mmemchimbia nani? Ni langu hili! Nendeni mkachimbe la saizi yake! Teresia! Shemeji! Mto uko wapi? Huyu mtu hajawahi kulala bila mto!"

Na Teresia wa kwenye shuka akaokota bonge la udongo, akamtupia. "Toka humo, Msukuma! Utamchafulia mwenzio kitanda!"

Nyuma ya sebule, kwenye mlango wa jikoni, wapishi watatu na mlinzi walikuwa wamesogea bila kuitwa. Ndio waliocheka kwanza. Mpishi mmoja aliegemea fremu ya mlango akasema, "Jamani, ni kama kwetu." Kisha akacheka Clever, kisha wengine, na mama mfadhili akawatazama wanaocheka, akalitazama shuka, akawatazama tena, kama mtu anayetafuta basi lake kwenye stendi asiyoijua.

Jogoo akaletwa, Luhende akatoka. Lakini alirudi tena kaburini, safari hii kimya, kofia mkononi, akalipokea jeneza kutoka chini kwa mikono yake na kuliweka sawa upande wa kichwa. Akaupapasa ubao mara mbili. Ezron alikuwa ameikata hiyo pia.

Ilipokwisha, mama mfadhili alisema inavutia sana, kwa sauti ya mtu anayesifu pilipili huku anatafuta maji. Teresia akarudisha fomu mezani, nyeupe vile vile, akauliza kama chai ipo, maana yeye na shemeji yake wametoka mbali.

*

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Clever alichaguliwa. Erica hakuchaguliwa. Waliisifu kazi yake kwa mistari minne, na wa tano ulisema filamu haina mgogoro wa kutosha.

"Kuna maiti, kuna kaburi, na kuna mtu amekataa kutoka kaburini," alisema Teresia. "Wanataka mgogoro gani?"

Erica hakucheka. Wiki nzima hakuzungumza na mama yake zaidi ya shikamoo na chumvi iko wapi. Siku moja alisema, "Ungesaini tu, ningekuwa nimeondoka." Teresia akajibu, "Ndiyo, ungekuwa umeondoka," na hakuongeza, kwa sababu ilikuwa kweli, na kweli haina nyongeza, kama dawa. Akaendelea kupanga mbegu. Erica akaenda Vwawa kupiga keki nyingine.

Lakini mpishi wa Ihanda alikuwa na dada Tunduma, na dada ana mdomo. Watu wakaanza kuja dukani kuulizia "ile ya Msukuma kaburini". Mwenye kibanda cha video cha Sogea, kinachoonyesha mpira, alikuja mwenyewe kumbembeleza Erica ampe Jumapili moja isiyo na mechi. Walijaa mpaka madirishani. Walipomaliza walidai irudiwe, na ilipofika mahali pa mto, kibanda kizima kilisema pamoja na Luhende. Bibi mmoja wa Nakonde alimshika Erica mkono akamwambia, "Mwanangu, mimi nikifa uje na kamera yako. Na watani nitawaandaa mwenyewe." Usiku huo Erica alirudi nyumbani akakaa jikoni, akamsimulia mama yake yote, nani alicheka wapi. Hakuomba radhi, na Teresia hakumdai.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, simu ya Erica iliita akiwa dukani. Luhende naye alikuwepo, amekuja kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kulalamikia bei. Erica alipoona jina akaweka sauti ya nje.

"Erica, dada yangu," alisema Ezron, mchangamfu kama redio. "Habari njema. Dirisha jipya limefunguliwa. Mwaka huu ni Vicheko vya Afrika. Mara moja nikakukumbuka wewe."

Teresia akaacha kupima.

"Vicheko," Erica alisema.

"Ndiyo! Kile kicheko chako ndicho wanachotaka. Ila ubora wa picha hautoshi. Tutaleta kamera kubwa, tutachimba kaburi zuri pale pale Ihanda, mwanga mzuri, na mzee alale tena. Kama siku ile."

"Na fomu?"

"Fomu ni ileile."

"Picha zinakuwa mali ya nani?"

"Aa, ya Mfuko, unajua taratibu. Lakini wewe utapata jina."

Erica alimtazama mama yake. Teresia akamwonyesha Luhende kwa kidevu: anayetakiwa kulala ni huyu, aulizwe huyu.

Luhende alikuwa amesikia yote. Aliweka dawa chini, akalivuta koti la Nikodemo likae vizuri mabegani, akafikiri kwa muda, kwa heshima kabisa.

"Mwambie nakuja," alisema. "Mimi sina shida. Ila kwetu mtani haingii kaburini pasipo marehemu. Aje na marehemu wake. Akikosa, aje yeye mwenyewe, nitampima."

Erica akayarudia hayo neno kwa neno kwenye simu, bila kucheka, kama anavyosoma majina ya wachangiaji wa harusi. Kisha simu ikakatika.

Luhende akapapasa kidevu.

"Sasa amekubali au amekataa?" aliuliza. "Nijue kama ninyoe."